Kila Mimba na Hesabu Yake: Maswali ya Wachumba na Wazazi Kuhusu Selimundu

Mzazi akielezwa kwamba uwezekano wa kupata mtoto mwenye selimundu ni mmoja kati ya wanne, mara nyingi huondoka kliniki na maana ambayo mtaalamu hakuikusudia: kwamba akishazaa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Ziko familia zilizopanga uzazi kwa hesabu hiyo, na zimeumia. Maelezo haya ni kwa ajili ya wachumba, wazazi, ndugu na yeyote anayeombwa ushauri nyumbani. Yanajibu maswali ambayo watu huuliza, na yanakaa kwa muda kwenye hilo la mmoja kati ya wanne, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko mengine yote.

Selimundu ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao wengi huuita sikoseli. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Kwa mwenye selimundu, himoglobini hiyo hushikamana inapopungukiwa oksijeni, na chembe iliyopaswa kuwa laini na ya mviringo hukakamaa, hupinda kwa umbo la mundu, huziba mishipa midogo na kufa kabla ya wakati wake. Hapo ndipo yanapotoka maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, macho kuwa ya manjano na wepesi wa kupata maambukizi.

Mtoto huupataje?

Kwa kurithi tu. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba cha himoglobini, yaani maelekezo ambayo mwili huyafuata kuitengeneza: moja ametoka nayo kwa baba, nyingine kwa mama. Nakala ya kawaida huandikwa A, na yenye kasoro ya selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana kasoro. Mwenye AS huitwa mbeba kinasaba: kwa kawaida ana afya njema na anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Mwenye SS ana ugonjwa.

Ni kweli kwamba selimundu hutoka upande wa mama?

Hapana. Mtoto hawezi kuwa SS mpaka apokee S moja kutoka kwa kila mzazi, kwa hiyo baba na mama wamechangia sawasawa. Wapo wanawake walioachika au kurudishwa kwao kwa lawama hii, ilhali uongo wake ungebainika kwa kumpima mume damu kidogo tu.

Sote wawili tumepimwa, ni AS. "Mmoja kati ya wanne" maana yake nini?

Chukua shilingi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kila shilingi ina upande wa A na upande wa S, na mimba inapotungwa kila mzazi anarusha ya kwake. Matokeo yanayoweza kutokea ni manne, na yote yana nafasi sawa: A kwa A, A ya baba na S ya mama, S ya baba na A ya mama, S kwa S. Kwa hiyo mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa AA, mbili kati ya nne ya kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa SS.

Hiyo robo inapatikana kwa kuzidisha. Nafasi ya baba kutoa S ni nusu, nafasi ya mama kutoa S ni nusu, na nusu ya nusu ni robo. Tunaruhusiwa kuzidisha hivyo kwa sababu shilingi ya baba haijui ya mama imeangukia wapi. Matukio ya namna hii, ambayo moja haliathiri jingine, huitwa matukio huru.

Mtoto wetu wa kwanza ni SS. Je, zamu imekwisha, watatu wanaofuata watakuwa wazima?

Hapana, na tunaomba jibu hili lisomwe mara mbili. Hakuna zamu. Mimba ya pili inapotungwa shilingi zote mbili zinarushwa upya, na hazina kumbukumbu ya mara ya kwanza. Uwezekano wa mtoto wa pili kuwa SS ni robo ileile, na wa tatu robo ileile, hata kama waliomtangulia wote ni SS, na hata kama wote ni wazima.

Tamko la "mmoja kati ya wanne" linahusu mimba moja, halihusu foleni ya watoto wanne. Kwa maoni yetu ni afadhali wahudumu wa afya waseme "asilimia 25 kwa kila mimba", maana maneno hayo hayamkaribishi mtu kuanza kuhesabu watoto. Kwa wazazi ambao mtoto wao wa kwanza ni SS na wanapanga kuzaa wengine watatu, nafasi ya wote watatu kukwepa ugonjwa ni asilimia 42 tu. Nafasi ya angalau mmoja wao kuwa SS ni asilimia 58. Namna ya kuzipata namba hizo ni hii ifuatayo.

Tukipanga watoto wanne, kuna uwezekano gani wa kupata angalau mmoja mwenye selimundu?

Wengi hujumlisha: robo na robo na robo na robo, jumla moja kamili, basi mmoja lazima awepo. Kosa la njia hii linaonekana ukiongeza mtoto wa tano, kwani utapata asilimia 125, na hakuna jambo linaloweza kuwa na uhakika unaozidi asilimia 100. Kujumlisha kunahesabu mara mbili zile familia zenye watoto wagonjwa wawili au zaidi.

Njia sahihi ni kuanza na upande wa pili, yaani kuuliza ni nafasi gani iliyopo ya watoto wote kukwepa. Mtoto mmoja ana nafasi ya robo tatu ya kutokuwa SS. Ili wawili wakwepe, unachukua robo tatu ya robo tatu, nayo ni 9 kati ya 16, takriban asilimia 56. Ukiongeza wa tatu unazidisha tena kwa robo tatu, unapata 27 kati ya 64, ndiyo ile asilimia 42. Kwa wanne ni 81 kati ya 256, karibu asilimia 32. Kinachobaki mpaka kufika 100 ndicho jibu la swali: asilimia 68 hivi.

Kwa anayependa kuona watu kuliko sehemu za namba, tuwaze ndoa 256 ambazo mume na mke wote ni AS, na kila ndoa ina watoto wanne. Kwa wastani, ndoa 81 hazitakuwa na mtoto hata mmoja mwenye selimundu. Ndoa 108 zitakuwa naye mmoja. Ndoa 54 zitakuwa na wawili, 12 zitakuwa na watatu, na moja itakuwa na wote wanne. Angalia hizo 108: zile zinazofuata "mmoja kati ya wanne" sawasawa kama watu wanavyotarajia hazifiki hata nusu ya ndoa zote.

Jirani zetu wote wawili ni AS, wana watoto sita na hakuna anayeumwa. Je, hesabu hizi si za kuaminika?

Ni za kuaminika, na familia ya jirani zenu imo ndani yake. Robo tatu ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara sita hutoa karibu asilimia 18, maana yake karibu familia moja kati ya kila sita za namna hiyo itakwepa kabisa. Wakipata mimba ya saba, bado uwezekano wake ni robo. Bahati iliyokwisha kupita haiwi kinga ya mbele.

Robo huonekana wazi pale tu idadi inapokuwa kubwa. Mtawa Gregor Mendel, aliyechapisha mwaka 1866 kazi yake juu ya urithi wa njegere katika mji wa Brno, alihesabu mimea 929 iliyotokana na wazazi waliobeba kinasaba cha maua meupe kwa siri. 705 ilitoa maua ya zambarau na 224 ilitoa meupe, karibu kabisa na robo. Laiti angehesabu mimea minne tu, asingegundua lolote. Familia moja ya binadamu ni ndogo mno kuthibitisha robo au kuikanusha.

Na mapacha je?

Inategemea ni mapacha wa aina gani. Mapacha wasiofanana wametokana na mayai mawili tofauti, hivyo kila mmoja ana shilingi zake na robo yake. Mapacha wa kufanana wametokana na yai moja lililogawanyika, kwa hiyo shilingi zilirushwa mara moja tu: ikiwa mmoja ni SS, na mwenzake ni SS, na wote wawili wapelekwe kliniki hata kama ni mmoja tu aliyeanza kuonyesha dalili.

Mimi ni mzima, lakini mdogo wangu ana selimundu na wazazi wetu wote ni AS. Nina nafasi gani ya kubeba kinasaba?

Mbili kati ya tatu. Watu hutaja nusu, kwa kuwa AS ni nusu ya matokeo manne. Lakini wewe umeshafika utu uzima ukiwa huna ugonjwa, kwa hiyo tokeo la SS limeondoka kwenye hesabu yako. Yamebaki matatu yenye nafasi sawa, moja la AA na mawili ya AS.

Hii ndiyo sababu tunawahimiza kaka na dada wa mgonjwa wapimwe kabla ya kuoa au kuolewa. Ukiwa hujapimwa na mwenzako ni AS, uwezekano wa mtoto wenu wa kwanza kuwa SS ni theluthi mbili ya robo, yaani mmoja kati ya sita. Mtoto huyo akizaliwa na SS, basi imethibitika kwamba wewe ni AS, na kwa mimba inayofuata uwezekano ni robo. Msomaji makini atauliza kama hapa mtoto wa kwanza hajamuathiri wa pili. Hajamuathiri. Kilichobadilika ni tunachokijua sisi kuhusu mzazi. Shilingi zilikuwa vilevile tangu mwanzo, na kipimo cha damu kingetuambia hayo mapema bila kumsubiri mtoto aumwe.

Hatujui lolote kuhusu ukoo wetu. Tuanzie wapi?

Anzeni na kipimo, kwa sababu wastani wa taifa hausemi mengi kuhusu ndoa moja. Nchini Uganda, uchunguzi wa damu za watoto wachanga karibu 98,000, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta asilimia 13.3 ni AS na asilimia 0.7 ni SS. Tukijaribu kukisia hiyo ya pili kutokana na ya kwanza, tutazidisha asilimia 13.3 kwa asilimia 13.3 kwa robo, na tutapata asilimia 0.44 tu, chini ya kilichokutwa.

Sababu mojawapo ya tofauti hiyo ni kwamba kuzidisha huko kunawachukulia watu kana kwamba huoana kwa kura ya nchi nzima. Watu huoana na wa karibu: kijiji jirani, kabila lao, mara nyingine binamu kwa binamu. Mahali ambapo mtu mmoja kati ya watano ni AS, mchumba wako naye ni wa hapohapo, na uwezekano wa mtoto kuwa SS hufika mmoja kati ya mia. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa na mamlaka za afya ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka.

Kwa nini kinasaba hiki ni kingi kwetu?

Kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo mwaka 1949 akakuta kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye AS walizidi mmoja kati ya watano, na katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika mmoja kati ya mia. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtoto dhidi ya malaria, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba kinga hiyo ni kubwa zaidi kwa malaria kali. Vizazi kwa vizazi, watoto wa AS walipona malaria kuliko wenzao, wakakua, wakazaa.

Jambo la usalama hapa ni moja. Kinga hiyo ni ya AS, na si kamili, kwa hiyo naye alale ndani ya chandarua. Mwenye SS hana nafuu yoyote: malaria kwake ni hatari kubwa, na homa yake haipaswi kusubiriwa hadi asubuhi.

Tuna kundi moja la damu, sote O chanya. Hilo linatosha?

Halitoshi, kwa kuwa ni kipimo kingine kabisa. Kundi la damu (A, B, AB au O) linahusu kuongezewa damu, na alama ya chanya au hasi inahusu hilo pia, pamoja na uangalizi wa mama mjamzito. Herufi A ya kundi la damu haina uhusiano na A ya himoglobini, na mtu wa O chanya anaweza kuwa AA, AS au SS.

Tuombe kipimo gani?

Ombeni kipimo kinachotaja aina ya himoglobini kwa herufi, yaani AA, AS au SS. Maabara kubwa hutumia mashine zinazotenganisha aina za himoglobini, na siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vinavyotumia tone la damu la kidole. Kipimo cha zamani cha kuangalia kama chembe zinapinda chini ya darubini huonyesha kwamba S ipo, lakini hakiwezi kutofautisha AS na SS. Ukiletewa jibu la "chanya" tu, uliza: chanya ya nini?

Mtu aliyeongezewa damu katika miezi minne iliyopita amweleze mtaalamu kabla ya kupimwa. Damu ya mchangiaji inaweza kuficha jibu lake halisi.

Mtoto ni SS, lakini baba amepimwa na kuambiwa hana kasoro. Tufanyeje?

Tulizeni mioyo kwanza, na vipimo virudiwe kwa wote watatu kwenye maabara yenye uwezo wa kutenganisha himoglobini. Vielelezo hubadilishana, majina hukosewa, na vipimo vya haraka vina mipaka. Aidha, mzazi anaweza kuwa na kasoro nyingine ya himoglobini iitwayo thalasemia, ambayo ikikutana na S humletea mtoto ugonjwa unaofanana sana na SS. Ndoa isivunjwe kwa karatasi moja ya maabara.

Je, kiongozi wa dini, mkwe au mwajiri anaweza kudai kuona majibu yetu?

Majibu ni yako. Anayekupima anapaswa kukueleza kwanza kipimo ni cha nini, kuomba ridhaa yako, kukupa majibu kwa faragha pamoja na ushauri nasaha, na kutomwonyesha mtu mwingine bila ruhusa yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, zote zinaziweka taarifa za afya na za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada.

Kiongozi wa dini anayewashauri wachumba wapimwe anafanya jema, na tunamshukuru. Kuwashauri ni jambo moja. Kukusanya vyeti vyao na kuvisoma mbele ya kamati ni jambo jingine. Hata Saudi Arabia, ambako kipimo cha selimundu na thalasemia kimekuwa cha lazima kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, wachumba wakishapata majibu uamuzi wa kuoana au kutooana hubaki kwao wenyewe.

Sote ni AS na tunapendana. Ni lazima tuachane?

Hakuna anayepaswa kuwalazimisha, si kuachana wala kuoana. Wajibu wa mshauri ni kuwapa picha kamili: asilimia 25 kwa kila mimba, maana ya maisha na mtoto mwenye selimundu, gharama za kliniki, na njia mlizo nazo. Wapo wanaoamua kutafuta wenza wengine, wapo wanaoamua kuzaa wachache, wapo wanaoasili watoto, na wapo wanaozaa wakiwa wamejiandaa kumpima kila mtoto mapema. Tunaona ni vyema mazungumzo haya yafanyike kabla mahari haijapokelewa, maana baada ya hapo ukoo mzima unakuwa umeshaingia ndani yake na wawili wenyewe hupungukiwa sauti.

Kwa wenye majibu tofauti, hesabu ni fupi. AA akioana na AS, hakuna mtoto atakayekuwa SS, na nusu ya nafasi ni ya kuwa AS. AA akioana na SS, watoto wote watakuwa AS. AS akioana na SS, kila mimba ina nusu ya kuwa SS. SS kwa SS, watoto wote ni SS.

Inasemekana kuna dawa au dua ya kuigeuza S kuwa A kabla ya kubeba mimba. Ni kweli?

Hakuna chakula, mitishamba, sindano wala kafara inayobadilisha nakala ambayo mzazi atampa mtoto. Tunaelewa kwa nini habari hizi hupokelewa: familia iliyozika mtoto hutafuta chochote cha kushika, na maombi yana nafasi yake ya kumpa mtu nguvu. Tunachosihi ni kwamba yasichukue nafasi ya kipimo, na pesa ya kliniki isiishie kwa mwenye kuahidi yasiyowezekana.

Vivyo hivyo kwa habari kwamba mtoto amerogwa. Maumivu ya selimundu huja ghafla, huondoka, hurudi, na huenda yakampata mtoto mmoja na kumwacha ndugu yake. Mtu asiyejua habari za kinasaba atatafuta mkono wa mtu. Shilingi mbili zinaeleza kwa nini huyu ameumwa na yule hakuumwa, bila kumtwika jirani wala shangazi lawama.

Je, ugonjwa huu una tiba, au mtoto ataishi miaka michache tu?

Yapo matibabu yanayompunguzia mtoto maumivu na kumwongezea umri, na watu wengi wenye SS leo ni watu wazima wenye kazi na familia. Dawa ya haidroksiurea, inayouwezesha mwili kuendelea kutengeneza himoglobini ya utotoni isiyopinda, imejaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyotolewa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria na vifo. Hutolewa kwa uangalizi wa daktari, pamoja na kupima damu mara kwa mara.

Tiba ya kuponya ipo kwa wachache, nayo ni kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu anayelingana. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Tiba ya kurekebisha vinasaba vya mgonjwa mwenyewe iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka huohuo, kwa gharama ambayo bado iko mbali sana na familia zetu.

Mtoto wetu amezaliwa, na sote ni AS. Hatua ni zipi?

Mpimeni mapema, bila kungoja dalili. Miezi ya mwanzo himoglobini ya utotoni humlinda, na dalili hujitokeza kuanzia karibu miezi sita, mara nyingi kwa kuvimba viganja na nyayo. Akiwa SS, ataanzishiwa penisilini ya kila siku katika miezi michache ya kwanza, na ataendelea nayo angalau mpaka atimize miaka mitano, kwa sababu bandama lake huharibika mapema na vimelea humshinda haraka. Apate chanjo zote za ratiba, alale ndani ya chandarua, anywe maji ya kutosha, na mhudumu wa kliniki awafundishe kumpapasa tumbo ili mjue bandama linapoanza kuvimba.

Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akipumua kwa shida au kulalamika kifua, akipauka ghafla huku tumbo limevimba upande wa kushoto, akilegea upande mmoja wa mwili au kushindwa kuongea, au kwa mtoto wa kiume, uume ukisimama kwa maumivu na kukataa kulala kwa saa mbili au zaidi. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe kwamba mtoto ana selimundu, na mwonyeshe kadi yake ya kliniki. Walimu wake nao waelezwe akianza shule: aruhusiwe kunywa maji na kwenda msalani anapohitaji, asilazimishwe kukimbia kwenye baridi au jua kali, na wawe na namba ya simu ya mzazi inayopatikana wakati wote wa masomo.